Lugha Iliyombakia Mama

Kiharusi kilipompata, mwalimu wa Kichina alipoteza nguvu za mkono wa kulia na Kiswahili chote. Hata jina la bintiye lilimtoka. Ila Kichina, alichojifunza ukubwani kwa jasho, kilibaki kizima. Daktari alisema hutokea, ingawa kwa nadra. Bintiye, fundi cherehani, hakujua hata neno moja la Kichina.

Tena yeye ndiye aliyezoea kumtania. "Mama, hiyo lugha yako utaongea na nani humu ndani?" Sasa swali lilimrudia, kwa sababu mama alikuwa ameanza kunyamaza na kugeukia ukutani. Akamwendea mwanafunzi wa zamani wa mama, dada mwenye duka la simu, akasema bila kuzunguka: "Nifundishe, dada. Mama akinikatia tamaa, nimempoteza akiwa hai."

Neno la kwanza lilikuwa shui, maji. Akaingia chumbani na bilauri, kifua mbele. "Shui." Mama akatikisa kichwa. Akarudia. Mama akatikisa tena, akashusha mkono wa kushoto, kisha akaupandisha taratibu, kumwonyesha sauti ipite wapi. Midomo ilikuwa imemkauka kwa kiu, lakini hakuipokea bilauri mpaka neno lilipokaa sawa. Binti alitoka akilia na kucheka kwa pamoja. Ugonjwa ulimchukulia mama mengi, lakini ualimu ulishindwa kuung'oa.

Basi ikawa ndiyo kazi. Alikosea, akasahau, akatupa mkasi kwa hasira, akauokota, akaanza upya. Mama naye hakumwonea huruma hata kidogo, ila aliacha kutazama ukuta.

Asubuhi moja binti alikuwa akipinda suruali ya mteja kwa cherehani kando ya kitanda, akili yote kwenye mshono. Mama akauliza kitu. "Bado, nimalizie hii kwanza," akajibu, akaendelea kushona. Kisha mguu ukasimama juu ya kanyagio. Mama alikuwa ameuliza kama binti amekula, naye alikuwa amemjibu kwa Kichina, bila kukitafuta, bila hata kujua kwamba ni Kichina.

Aliogopa kupumua, asije akakivunja kitu kile. Akamtazama mama, macho yamejaa machozi.

Mama hakuona ajabu yoyote. Alimwambia, kwa ukali kidogo, aiache hiyo suruali na aende akale.

Akaenda.