Hewa Katika Breki za Shangazi

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Haya, achia."

Tangu mchana tulikuwa tunaimba wimbo huo, mume wangu akiwa chali chini ya gari, mimi nimekaa kwenye usukani, mtoto wetu Kibonge amelala kifuani kwangu ndani ya shuka. Mvua ilikuwa imekatika. Mabati ya karakana yalidondosha matone yaliyobaki, moja moja, na mwanga uliopenya kwenye matundu ulielea juu ya boneti kama unga uliopulizwa. Sikuwa na uhakika kama niko macho.

Gari hili la marehemu baba mkwe tunaliita Shangazi, maana limetuzidi umri sote na likifunga breki mtaa mzima unasikia. Breki zake za nyuma zilikuwa za ngoma, za mtindo wa zamani, na zikilowa tu, Shangazi huvutia kushoto kama aliyeitwa na shoga yake ng'ambo ya barabara. Nami nilishasema: mwanangu hashuki mteremko wa kwa mama ndani ya gari hilo mpaka lisimame pale linapoambiwa lisimame.

Mama alivunjika nyonga nikiwa na mimba ya Kibonge. Hawezi safari, na basi halifiki kule. Kila akipiga simu huniomba nimsogeze mtoto, asikie anavyopumua. "Basi," husema, "angalau nimemsikia."

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Alizing'oa ngoma, akakata vyuma vya kushikilia, akafunga breki za diski alizozitoa kwenye gari lililokufa. Diski ziling'aa nyuma ya magurudumu kama sahani za wageni. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa pedali. Nikikanyaga, mguu ulizama polepole, kama ninakanyaga mto wa kulalia.

"Bado inabonyea?"

"Bado. Kama donge la unga."

"Basi kuna hewa ndani. Sasa hewa gani hii, mafuta yenyewe yanatoka safi kabisa!"

"Muulize Shangazi."

"Shangazi kaninunia. Kanyaga."

Nikakanyaga, na usingizi ukanipitia. Nikaota nimekuwa kipovu ndani ya bomba la mafuta ya dhahabu. Mama alikuwa ananiita nje, nami napanda kumfuata, napanda, mpaka nikagota dari. Hapakuwa na mlango huko juu. Mafuta yalikuwa yanatokea chini, yananipita, yananiacha.

Kibonge akaniamsha. Alikuwa anajinyonganyonga, miguu kaikunja, tumbo limejaa. Nikamsimamisha begani, nikampapasa mgongo. Akabeua kama mzee aliyeshiba, akatulia.

"Afya!" mume wangu akasema kutoka chini.

"Baba Kibonge, hicho kiskurubu unachofungua ili hewa itoke, kiko juu ya breki au chini yake?"

"Chini. Kwa nini?"

"Na hewa yenyewe inakimbilia wapi?"

Nikasikia kichwa chake kikigonga chuma.

"Mungu wangu! Breki ya kulia nimeifunga kushoto, na ya kushoto kulia! Zimekaa kichwa chini!"

"Pole."

"Unanicheka?"

"Mimi? Anacheka mwanao."

Akazifungua zote mbili, akazibadilisha. Tukaanza upya kuimba, na safari hii mpira mwangavu wa kutolea mafuta ukajaa vipovu, vikipanda kwa foleni mpaka vikaisha. Mguu wangu ukagota. Ilikuwa kama kukanyaga sakafu.

Alilijaribu mwenyewe kwanza, peke yake, kwenye barabara yenye maji, akaenda na kurudi mpaka nikasema inatosha. Asubuhi iliyofuata niliendesha mimi, naye akakaa nyuma na mtoto.

Ukungu ulikuwa umeujaza mteremko, lami imelowa tepetepe. Tulipofika katikati nikabana breki. Hapakuwa na kitu mbele yetu, wala nyuma. Shangazi akasimama palepale, amenyooka, kimya kama chumba.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa mbona umesimama?"

"Nimesimama tu."

Akacheka taratibu asimwamshe mtoto. Chini, ukungu ulipopasuka, paa la kwa mama lilionekana, na dirisha lake likiwa wazi. Nikakaa nikilitazama, gari zima limetulia chini ya unyayo wangu, mpaka nilipokuwa tayari kuendelea kushuka.