Dang'a ya Ndama wa Mashavu

Haya nilihadithiwa na Mashavu mwenyewe, binti wa kaka yangu, mwezi wa Shaabani uliopita, alipokuja Chula kunijulia hali akanikuta naparua samaki. Nayaandika kama alivyoyasema, ila kwenye maneno ya daktari nilimrudisha nyuma mara mbili nipate kuyashika.

Mashavu anakaa Kismayo, na ng'ombe wake ni mmoja tu. Mumewe ni baharia, miezi hayupo, basi maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo chai, ndiyo uji wa watoto. Na ng'ombe wetu hawa mnawajua: ndama akifa, mama hufunga maziwa, umbembeleze usimbembeleze.

Ng'ombe akazaa alfajiri, ndama jike. Kwa furaha Mashavu akakamua dang'a yote, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, akaipika kwa sukari na iliki, akapeleka bakuli nyumba saba. Ndiyo shukrani yetu tangu zamani. Na bakuli halirudi tupu: huyu alitia chumvi, huyu kipande cha papa mkavu. Ndama akaachiwa kunyonya jioni.

Siku ya tatu hakuinuka. Jirani yake, Mwanalima, akamtazama goti, limevimba.

"Kakanyagwa na mamake huyu. Msugue mafuta ya ufuta."

Wakamsugua. Masikio yakazidi kuwa baridi. Hapo Mashavu akamwita Hussni, daktari wa mifugo.

Hussni hakuanza na goti. Alimtia ndama kidole mdomoni, akangoja.

"Hanyonyi. Na mdomo baridi." Akamfunua jicho, weupe wote umekuwa mwekundu. Akashika kitovu: kinene, kimelowa. "Hakukanyagwa, dada. Vijidudu vimeingia kwenye damu, labda kwa kitovu hiki, vikaenda kukaa gotini. Alinyonya dang'a saa ngapi?"

Mashavu akainama. Mwanalima ndiye aliyejibu:

"Dang'a niliila mimi, daktari. Si unaona nilivyosimama imara?"

Hussni akacheka, kisha akawaeleza. Ndama huzaliwa hana kinga. Kinga yake imo kwenye dang'a, na tumbo huipitisha kwenda kwenye damu saa za mwanzo tu. Sasa mlango umefungwa.

"Wengi wa hali hii hufa. Siwaahidi kitu. Tujaribu."

Akampiga sindano ya dawa mshipani, akamtundikia maji ya sukari. Halafu akasema, "Sasa nataka damu ya mamake."

"Ala! Wewe daktari au mganga?" Mwanalima akaruka.

"Kinga ya dang'a hutoka kwenye damu ya mama. Kwa mdomo haipiti tena, basi ipite mshipani. Nishikie pembe hiyo, shangazi, na maneno uyaweke."

Mwanalima akashika pembe. Mfuko ukajazwa kutoka shingoni mwa ng'ombe, ukatundikwa kwenye msumari wa mlango, damu ikamshukia mwanawe tone tone. Mashavu anasema alilia, hakujua analilia nini.

Habari zikafika zile nyumba saba. Wakaja wote walioila. Huyu ameleta gunia la kumfunika, huyu kanga kuukuu, huyu akawasha makaa ya kupasha maziwa ambayo Hussni aliwafundisha kuyapitisha kwa mpira mpaka tumboni. Walipokezana siku mbili. Mashavu hakutoka pale.

Siku iliyofuata, adhuhuri, akamtia ndama kidole mdomoni kama kawaida. Kikavutwa! Ndama akakivuta kwa nguvu, ulimi una moto. Kisha akainuka, akayumba, akaenda kumgonga mamake kiwele.

"Alhamdulillahi," Mwanalima akasema. "Basi sindano tena za nini?"

"Ukiacha leo goti litavimba tena," akamjibu Hussni, aliyekuja na sindano ya siku hiyo. "Wiki mbili, shangazi. Na mwakani ndama anywe kwanza, kitovu kipakwe dawa."

"Mwakani nitakula atakachobakisha. Mchu mzima kama mimi, nimeona haya."

Hussni akaenda zake. Mwanalima akayakusanya mabakuli saba, kila moja akatia konzi ya mchele, akayapeleka mwenyewe kwenye nyumba zile saba, maana safari hii shukrani ilikuwa ya kuwashukuru wao. Aliporudi alijinyoosha mkekani, akaanza kukoroma.

Mashavu akabaki ameegemea ukuta. Ndama aliyeshiba akaja akamlalia miguuni. Mashavu akamtia kidole mdomoni mara nyingine, ahakikishe. Kilivutwa. Hakukitoa, usingizi ukamchukua hivyo hivyo.