Mtu wa Ukutani

Wageni wakiingia sebuleni kwa mama mkwe wangu, macho yao hufika kwanza kwenye picha ya studio, ile kubwa yenye fremu ya dhahabu. Husimama mbele yake, na sauti hushuka yenyewe. "Ndiye yeye," husema. "Utadhani atatamka neno." Kisha hugeukia ukuta wa pili, kwenye chapa niliyoichonga mimi kwenye ubao na kuichapa kwa wino mweusi, na hapo uso huwakunjuka. Hunisifu. Huniuliza ilinichukua muda gani, na kama nachapa pia kadi za harusi.

Mtu aliye kwenye picha ya studio si mume wangu. Ni pacha wake, yu hai, na ana duka la baiskeli mtaa wa pili. Aliye kwenye chapa ndiye mume wangu.

Haikuwa njama. Marehemu, fundi wa kufuli, alikwepa kamera kama paka anavyokwepa maji. Picha pekee tuliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, na ilipokuzwa alionekana kama mtu aliyekamatwa akiruka ukuta. Mama yake alitaka picha ya kubeba mazishini. Ikaamuliwa pacha avae koti la ndugu yake aende studio. Walifanana kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa kovu juu ya jicho. Mpiga picha akaambiwa kovu liko kulia, naye akalitia kulia kwake yeye anayetazama, yaani juu ya jicho la kushoto. Niliulizwa kama inafaa. Nikasema sawa. Siku zile hata ningeulizwa kama nikatwe mkono ningesema sawa.

Ilikusudiwa kuwa picha ya siku moja. Ikarudi kutoka makaburini, ikapigiwa msumari, na huu mwaka wa tatu iko palepale.

Sikulia mazishini, wala baadaye. Waliosema nina roho ya jiwe walisema, na waliosema nimejikaza kisabuni walinisifu bure, maana sikuwa nimejikaza popote. Hakukuwa na cha kukaza. Naamka, nachonga mabango na kadi karakanani, narudi, naosha vyombo. Wino ukinikaukia vidoleni sioni haraka ya kuunawa.

Chapa ile niliichonga yeye akiwa amekaa mbele yangu, akipumua. Na kwa kuwa ubao ukichapwa hugeuza kulia kuwa kushoto, nilimchonga kinyume, ili karatasini kila kitu kitoke mahali pake. Kilitoka mahali pake. Sasa wageni hunishika bega kwa upole: kazi nzuri, dada, ila kovu umelikosea, hebu linganisha na picha. Mwanzoni nilieleza. Baadaye niliona ni kutwanga maji kwenye kinu, nikawa naitikia tu. Mwezi uliopita nilitoa ule ubao kabatini, nikashika patasi, nikawaza kulihamisha kovu yaishe. Nikafumba macho niukumbuke uso wake. Aliyenijia ni yule wa fremu ya dhahabu. Nikaweka patasi chini. Hata kuogopa sikuogopa. Nilihisi ganzi tu, kama mtu aliyeukalia mguu wake mwenyewe.

Aliyeogopa ni shemeji. Jumamosi moja alimletea binti yangu baiskeli ndogo aliyomtengenezea. Mtoto huyo alifiwa na baba akiwa bado mchanga, na siku zote humwita shemeji baba mdogo. Siku hiyo alimtazama, akatazama ukutani, akamtazama tena.

"Baba," akamwuliza, "umerudi lini?"

Shemeji akacheka kicheko cha juujuu, akasema kuna mteja anamsubiri, akaondoka na spana ikiwa bado sakafuni. Akapotea kabisa. Hatimaye akanifuata karakanani, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa.

"Shemeji, niteremshe pale," alisema. "Watu wananililia na mimi nipo. Na mtoto nimwambie nini? Nikiitika, nimemwibia ndugu yangu. Nikikataa, nimemwua mara ya pili."

Nikamwambia nitaongea na mama. Nilisema hivyo kwa sauti ninayosemea kila kitu, lakini njiani nikagundua kwamba kuna kitu nakitaka, na muda mrefu ulikuwa umepita sijataka kitu. Nilitaka binti yangu asikue akimsalimia mtu mwingine. Na mimi nisizeeke nikimkumbuka mtu mwingine.

Mama mkwe alikuwa kochini akikunja nguo. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba yule si yeye, na kwamba mtoto ameanza kuchanganya. Nilijiandaa kwa ubishi.

"Unadhani sijui?" Aliendelea kukunja. "Nimewanyonyesha wote wawili, huyu kushoto, huyu kulia. Najua yule ni nani."

Nikamwuliza, kwa nini basi?

"Kwa sababu mbele ya ile watu wananipa pole. Mbele ya hiyo yako wanakupa wewe hongera. Mimi nimefiwa, mwanangu. Hongera nitaipeleka wapi?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa nimekuja kumfundisha uso wa mtoto wake. Tena alisema kweli. Kwenye ile wanamwona mtu. Kwenye yangu wanauona mkono wangu. Hata mimi, nikipita pale, huona mahali patasi iliponiteleza karibu na sikio.

Nikaitungua chapa, nikaiweka magotini pake juu ya nguo, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Hakuwahi kuitazama kwa karibu. Husema ina giza mno. Sasa aliiinamia, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. Nikasubiri aniambie nimechonga vizuri.

"Hapa alikuwa amekula?" aliuliza.

Nikamweleza. Alikuwa amenipitia akitoka kazini, nikamwambia akae kidogo, mwanga ni mzuri. Kidogo ikawa jioni nzima. Tumbo lilikuwa likimnguruma hadi tukacheka, nikamwambia asitikisike.

"Ukamkalisha na njaa," mama alisema, na sauti yake ilikuwa kali, kali kweli, ile aliyokuwa akinigombezea mwaka wa kwanza wa ndoa. "Mtoto wangu katoka kazini, wewe unamkalisha na njaa kwa ajili ya ubao."

"Nisamehe, mama," nikasema. Nikarudia, na safari hii sikuweza kulimaliza neno.

Hakuniangalia. Alikuwa bado amemwinamia mwanawe, amenuna kwa niaba yake.