Mpaka Uliochoka Kujikunja

Jumapili mchana, baridi ya Lushoto ikiwa imenipeleka chini ya blanketi mbili, nililala juu ya daftari la somo la kesho, nikaota mafuta ya nazi yananiita.

"Mwalimu Mwantumu," ilisema chupa iliyokuwa dirishani, "nusu yangu imeganda, nusu ni maji. Niamulie."

Nikaiambia ikakae juani kama wenzake. Ikanijibu kwamba jua liko upande wa dada.

Ilisema kweli. Nyumba ya marehemu mama tumeigawa kwa pazia la mlango wa kati, mimi na dada yangu Mwanahawa, na huu mwezi wa tatu tunachuniana. Kisa ni pilau la arobaini ya mama. Mpishi alikuwa dada, na kwenye shughuli chumvi hutiwa na mmoja tu, tena hutangaza. Mimi nikapita na kiganja changu cha chumvi, kimya kimya. Watu walikunywa maji mpaka pipa likakauka. Dada akaniuliza mbele ya akina mama, "Umetia chumvi wewe?" Nikajibu, "Sijatia." Aibu yote ikamwangukia yeye. Majirani, kwa kujua kwamba ndugu wakigombana wewe chukua jembe ukalime, walikwenda zao kulima.

Basi ndotoni Mlinganyo akabisha hodi. Ndiye niliyekusudia kumpeleka darasani kesho, yule anayeeleza jinsi barafu na maji yanavyogawana chombo kimoja. Akavua viatu, akaketi mkekani, akaomba chai.

"Sheria zangu ni mbili," anasema. "Kila kitu kiwe kimeganda au kimeyeyuka, sitaki cha katikati. Na mpaka baina yao uwe mdogo kadiri inavyowezekana, maana mpaka mkubwa unanichosha."

Nyumba inatii papo hapo. Upande wa dada unaganda: viti, paka, redio katikati ya taarifa ya habari. Upande wangu unayeyuka, na meza imekwisha kunilowesha miguu. Chai ya mgeni, iliyokuwa vuguvugu, inaona haya na kuganda.

Pazia nalo limetoka mlangoni, limekuwa utando mwembamba wa sabuni. Unazunguka upawa wangu, unapita chini ya kitanda, unakwepa kioo cha mama, unarudi kwenye kinu.

"Mgongo unaniuma, mwalimu," utando unasema. "Kila uliposema 'hiki changu' nilijikunja. Asili yangu ni kunyooka."

"Upawa ni wangu."

"Unautumia?"

"Siutumii. Mpini umevunjika."

"Basi niache nipite."

Nikauachia upawa. Utando ukajivuta, ukashusha pumzi. Nikaachia kinu. Kioo cha mama kilinitoa machozi, lakini nacho nikakiachia. Kila nikiachia kitu, utando unapungua, mpaka ukatanda kwenye mlango wa kati, bapa, bila kunjo hata moja.

"Nimefika," ukasema. "Kupungua zaidi siwezi, miimo ya mlango imenishika pande zote nne."

Mlinganyo akavaa viatu. "Hesabu yangu inaishia hapo," akasema. "Kilichobaki ni kupasuka, na hiyo si kazi yangu."

Ng'ambo ya utando namwona dada, ameganda mpaka utosini, mwiko mkononi, na macho yananitazama. Nikamhurumia mno. Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyekojoa kitandani, "Dada, chumvi nilitia mimi. Nikakuacha ubebe aibu peke yako. Nisamehe."

Utando ukapasuka. Nikaamka.

Pazia lilikuwa linaning'inia pale pale. Chupa dirishani ilikuwa imeganda yote, haisemi na mtu. Nikajiambia huo ni ujinga wa kulala mchana na njaa, nikainuka nichemshe chai. Upawa wangu haukuwepo kwenye msumari wake.

Ndipo nikasikia nyuma ya pazia sauti niliyoikosa tangu arobaini.

"Mwantumu, upawa wako umefuata nini huku? Na miimo hii nani kaipaka povu la sabuni?"

Nikaugusa mwimo. Ulikuwa umelowa, na povu lilikuwa bado linapasuka kidogo kidogo.

"Ni mimi, dada," nikasema, na lililofuata safari hii sikungoja kuulizwa. "Na chumvi pia."