Megajuli Mia Tatu

Taarifa ilikuwa ya mistari mitatu tu, na mkurugenzi alikwisha kuigonga muhuri. Alimsogezea mpimaji kalamu.

"Tia sahihi, mwanangu. Waandishi wa habari wanaingia saa nne."

Mpimaji alisoma: mashine yetu ya kuunganisha viini vya atomu imetoa nishati nyingi kuliko iliyotumia. Akaiweka kalamu chini.

"Si kweli, Mwalimu." Alimwita hivyo tangu mkurugenzi alipomfundisha fizikia chuoni.

"Plazima iliingiziwa megajuli kumi, ikatoa kumi na mbili. Umepima mwenyewe."

"Plazima, ndiyo, ile gesi ya moto inayoshikiliwa na sumaku. Lakini sumaku zinakula umeme, pampu zinakula, vipasha joto vinakula. Mita kuu inasema tumevuta mia tatu. Hapo tumezalisha nini?"

"Hayo ni ya wataalamu. Mwananchi anataka habari njema."

"Mama yangu ni mwananchi, fundi cherehani. Akikata yadi tano akapata shati moja la mtoto, hamwambii mtu kitambaa kimeongezeka."

Mkurugenzi alicheka kidogo, kisha uso ukakunjamana. "Miaka kumi na tisa nimelipigania jengo hili. Wakisikia mia tatu watalifunga. Mwenye nguvu mpishe."

"Nilimpisha mwaka jana, nikatia sahihi. Mwaka huu sipishi."

Akamrudishia kalamu. Akatoka.

Saa nne taarifa ikasomwa bila sahihi yake. Mwandishi mmoja akauliza, "Hiyo iliyotumika mmeipimia wapi?" Mkurugenzi akaanza kuumauma maneno. Mpimaji akainuka kwenye kiti cha nyuma, akazitaja namba zote tatu na mahali kila moja ilipopimwa.

"Kumi na mbili kwa kumi ni hatua kubwa, hatujawahi kuifikia," alisema. "Ila bado hatujawasha hata taa ya choo."

Ukumbi ukacheka. Mkurugenzi hakucheka.

Jioni mpimaji alipewa barua ya kuhamishiwa stoo ya vipuri. Mama yake alipiga simu. "Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi kesho amka mapema, usiwape sababu."

Aliamka. Kabla hajafungua hata boksi moja la vipuri, aliiandikia bodi kutaka arudishwe kwenye vipimo, na nakala akampelekea mkurugenzi kwa mkono wake. Jengo halikufungwa. Bodi ilimrudisha baada ya miezi minne, na wiki nzima ya kwanza mkurugenzi hakuitikia salamu yake. Yeye aliendelea kumsalimu kila asubuhi.