Jibu la Kidole Kitupu

Mama mkwe wangu mtarajiwa aliingia saluni Jumamosi asubuhi bila taarifa, akakaa kwenye kiti changu na kuvua kitambaa cha kichwani. "Nisuke," akasema. Nikauficha mkono nyuma, maana kidole changu kilikuwa kitupu.

Siku ya kuvishwa pete, mbele ya mashangazi na wajomba wa pande zote mbili, mama huyu alitoa pete aliyochumbiwa nayo yeye mwenyewe, akampa mwanawe anivishe, kisha akatangaza: "Hii haivuliwi. Kuoga nayo, kulala nayo. Mwanamke akivua pete ya uchumba, ameshatoa jibu." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikatikisa kuwashinda wote. Nampenda mwanawe, fundi umeme mpole ambaye ukimuuliza hali anafikiria kwanza, na kwa ajili yake ningekubali lolote.

Lakini mimi ni msusi. Jiwe la ile pete limechomoza, na vishikizo vyake vinanasa kila unywele unaopita. Mteja mmoja aliniuliza kama namsuka au namnyonyoa. Mwingine alihamia kwa jirani yangu wa kiti cha pili, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Ikabidi niwe naivua asubuhi, naitia mkobani, jioni naivaa. Sikumwambia mtu, nikidhani nina akili sana.

Sasa mama mkwe ananitazama kwenye kioo. Nikajifanya natafuta kitana mkobani, nikaivaa pete haraka. Woga si mshauri mwema. Sijafika hata utosini, jiwe likanasa. Nikavuta taratibu, likagoma. Nikavuta tena, chozi likamtoka mama wa watu. Redio alikuwa kimya, akichana wigi lililokwisha kuchanwa. Hapo nikajua nani amepeleka habari.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Siwezi kusuka na hii pete. Kila siku ya kazi naivua. Niliogopa kukwambia."

"Ninasue kwanza."

Nikamnasua, nywele chache zikabaki kwenye pete. Akaniomba pete, akaigeuzageuza kiganjani.

"Mimi nilikuwa naificha kwenye kopo la chumvi," akasema. "Ilikwaruza watoto, ilitoboa nguo. Baba yao akikaribia kurudi, naivaa. Nilisema haivuliwi kwa sababu mama mkwe wangu aliniambia hivyo. Yeye sijui aliambiwa na nani."

Nikacheka, kisha nikaona kwenye kioo kwamba yeye hacheki.

"Nimeambiwa kidole chako kitupu," akaendelea. "Mwanangu naye amesikia. Nikimwambia akuulize, anasema atakuuliza kesho. Anaogopa jibu. Chakula anakigusa tu na kukiacha. Nami nakaa najilaumu kwa maneno niliyoyasema mbele za watu, kwamba ndiyo yamekufunga mdomo. Mwanangu, pete iweke popote, hata chooni. Nimekuja kuuliza neno moja. Unakuja kwetu, au huji?"

Sikujua kama mtu anaweza kuwa na mzigo mzito hivyo na asijue mpaka atuliwe. Wiki zote hizo nilikuwa naogopa kwamba watanikataa, kumbe wenzangu wanaogopa kwamba nimewakataa. Nililia pale pale, kitana mkononi, na sioni haya kusema.

"Nakuja, mama."

"Sema tena nisikie vizuri."

"Nakuja."

Akaegemea kiti, akafumba macho. Redio akamletea maji bila kuombwa, akarudi kwenye wigi lake ameinamisha kichwa. Mama alikunywa yote, akatoa simu na kumpigia mwanawe.

"Anakuja," akasema.

Upande wa pili nilisikia mwanamume mzima akishusha pumzi.