Moja na Nusu Asubuhi

Kichwa cha mbwa ndicho kilichomsahaulisha Akolbire swali moja, na swali lenyewe lilikuwa fupi, maneno manne tu.

Ilikuwa Jumatatu, msimu wa upepo wa vumbi, ule unaopasua midomo na kuwafanya watu wote wa Bazuuri wafanane, weupe mpaka kwenye kope kama wezi wa unga. Akolbire alikuwa muuguzi wa kituo chao cha vyumba viwili. Alikuwa pia Mfrafra pekee katika kijiji cha Wadagaaba, na Wafrafra na Wadagaaba ni watani tangu enzi za mababu, kisa kichwa cha mbwa, kwamba nani alikila na nani aliachiwa mkia. Serikali ilimleta atibu watu. Watu walimpokea kama waliyeletewa wamtanie. Kutoka kisimani hadi sokoni alitukanwa njia nzima, naye alijibu njia nzima, na siku asipotukanwa alijiuliza amemkosea nani.

Asubuhi hiyo aliingia Perpetua, amembeba mgongoni mwanawe Ziem, mtoto wa miaka minne ambaye miguu yake ilikuwa imeshafika magotini mwa mama. Nyuma yake akaja mama mkwe wake, Bibi Pogzie, na fimbo yake, na mdomo wake.

"Dokta," bibi alianza kabla hajakaa, "nimepita nje ya kwako sijasikia mbwa akibweka. Umeshamla?"

"Bado, bibi. Nasubiri wewe uje unishikie miguu, maana kichwa najua utakimbia nacho."

Alisema hivyo huku amekwisha kuinua fulana ya Ziem na kubonyeza saa. Kifua kilipanda na kushuka. Pumzi hamsini na nne kwa dakika. Mtoto wa umri ule akifika arobaini, ujue mapafu yameingiliwa. Lakini mbavu hazikuwa zikididimia, maji alikunywa, na alipoulizwa jina lake alimtolea dokta ulimi. Basi ni nimonia, ila ya kutibiwa nyumbani.

Akolbire alikuwa na kijitabu cha matibabu alichokipenda kuliko chakula. Ukimwamsha usingizini ukamwambia kuhara, angekujibu zinki na maji ya chumvichumvi kabla hajafumbua macho. Kila ugonjwa na dawa yake ya kwanza kuchaguliwa, ile ambayo ikitumiwa sawasawa huhitaji kutafuta ya pili. Nimonia ya mtoto: amoksilini. Miaka minne: vidonge vitatu asubuhi, vitatu jioni, siku tano.

"Unaviyeyusha kwenye kijiko cha maji," alimwambia Perpetua. "Vitatu na vitatu. Hata akipona kesho, unaendelea mpaka vyote thelathini viishe."

"Vitatu na vitatu," Perpetua alirudia. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Akampa mtoto vitatu vya kwanza palepale, vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la kitenge.

Sasa, chini ya ukurasa ule kuna mstari wa mwisho. Unasema muulize mama: kuna mwingine anayeumwa nyumbani? Akolbire alikuwa tayari ameshafungua mdomo.

"Na huyu mjukuu wangu akipona," Bibi Pogzie alimwahi, "tutakuletea kichwa cha mbwa. Kibichi. Ili utafune kama kwenu."

"Kileteni na masikio, bibi. Mara ya mwisho mlimtuma mtu, akaja ameyala njiani."

Bibi alicheka hadi akakohoa, Perpetua naye akatabasamu, wakaondoka. Mdomo wa Akolbire ulijifunga wenyewe, umeridhika.

Jumatano alikwenda kumwangalia, kama kijitabu kinavyotaka. Ilikuwa nyumba ya wake wawili: mlango wa Perpetua, mlango wa mke mwenzake Skolastika, na ua mmoja katikati ambapo Skolastika alikuwa akichemsha pombe ya mtama. Dakura, mwanawe Skolastika, rika moja na Ziem, alikuwa akikimbiza kuku huku kamasi zikimtiririka. Akolbire aliziona zile kamasi. Msimu ule kila mtoto alikuwa nazo.

Alihesabu pumzi za Ziem: arobaini na sita. Zimeshuka, ingawa si kwa alivyotaka. Akaomba kuona vidonge. Perpetua alifungua pindo, akavimwaga kwenye mkeka. Kumi na tano. Akolbire alipiga hesabu kwa vidole, akaipiga tena. Kilichotakiwa kubaki kilikuwa kumi na tano barabara.

"Laiti kina mama wote wangekuwa kama wewe," alisema, na alimaanisha. "Wengine nikihesabu nakuta wamempa mtoto nusu, nusu nyingine wameificha ya mwakani."

"Sisi hatufichi," Skolastika alijibu kutoka kwenye chungu chake. "Humu ndani hata karanga ina haki yake."

Akolbire alicheka. Alipewa kibuyu cha pombe, akanywa, akaenda zake akipiga mluzi.

Ijumaa, kumepambazuka, baba wa watoto akaja kugonga kituoni. Akolbire alipofika, mbavu za Ziem zilikuwa zikiingia ndani kama mahema yanayovutwa kamba. Hakuhesabu. Walipata pikipiki ya matairi matatu inayobeba magunia ya nafaka. Akapanda nyuma na Perpetua, mtoto kati yao, safari ya saa mbili kwenda hospitali ya wilaya kupitia barabara iliyokuwa na mashimo mengi kuliko barabara.

Walipovuka kijito kikavu, Perpetua alifungua pindo.

"Muda wake wa dawa umefika," alisema. "Una maji?"

"Ngoja kwanza, mama. Hawezi kumeza."

"Vimebaki sita. Kimoja nilishakikata." Alikuwa akivitenga kwa kidole, taratibu. "Moja na nusu ya huyu. Hii moja na nusu nyingine ya Dakura, nitampa nikirudi."

Akolbire alisikia mlio wa injini, kisha hakuusikia.

"Dakura pia anakunywa?"

"Alikuwa anakohoa. Tangu Jumatatu jioni wanagawana, kwa wembe, ili isizidi hata punje. Ningempaje mwanangu peke yake, Dokta, na mtoto wa mwenzangu ananitazama?" Akamtazama. "Nimekosea?"

Akolbire mwenyewe alizaliwa katika ua wa wake watatu. Alijua nyumba inayogawana karanga inavyokaa, na ile isiyogawana inavyoungua. Alijua pia kwamba kama angesema ndiyo, kuanzia siku hiyo Dakura, ambaye alikuwa na mafua tu, angekuwa mtoto aliyekunywa uhai wa nduguye, na kila atakapocheka mtu angegeuza uso.

"Hapana," alisema. "Hujakosea."

Ziem alifariki kabla hawajaona bati la kwanza la mji. Aliacha kupumua kama mtu anayeacha kusukuma mlango mzito. Akolbire alimwambia dereva ageuze.

Alizikwa siku hiyohiyo. Mpiga marimba alikuja akapiga kidogo, kwa kuwa mtoto hana mambo mengi ya kusimuliwa. Watu walikaa uani kimya, na Akolbire alitaka kukaa nao kimya vilevile, lakini msiba wa Mdagaaba usipochekeshwa na Mfrafra ni kama chakula kisicho na chumvi; mtani ana kazi yake. Bibi Pogzie alimnyooshea fimbo.

"Wewe. Umekuja kulia au umekuja kwa kazi yako?"

Sauti yake ilikuwa imekatika vipande. Alikuwa anaomba.

Akolbire alisimama. Katika kazi hiyo mtani husema lolote, na hakuna anayemkasirikia, kwa sababu hakuna anayemwamini.

"Ndugu zangu wala mbwa," alisema, "msimtafute mchawi. Mimi ndiye niliyemuua mtoto huyu. Nilikuwa nagombania kichwa cha mbwa na bibi yenu huyu, nikasahau kuuliza swali. Nikamatwe."

Ua mzima ukacheka. Walicheka huku machozi yanawatoka, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa tangu asubuhi. Mmoja alijifanya kumfunga kamba. Mwingine alisema Wafrafra ndivyo walivyo, kwa kichwa cha mbwa watasahau hata jina la mama. Bibi Pogzie alijipangusa macho kwa kanga. "Mtani," alisema, "leo umetania vizuri." Skolastika, Dakura amemlalia mapajani, alicheka kwa kwikwi, akimpapasa mwanawe kichwani bila kujua kama anampapasa.

Perpetua hakucheka. Alingoja hadi watu walipogeukia pombe, akamfuata Akolbire ukutani.

"Ulisahau kuuliza nini, Dokta?"

Akolbire alimtazama Dakura, aliyekuwa amesinzia, anapumua vizuri, pumzi ndefu zisizohitaji kuhesabiwa.

"Kama mna mbwa," alisema.

Perpetua alifungua pindo la kitenge, akamshika mkono, akamimina humo vidonge vilivyobaki. "Virudishe," alisema. "Vitamfaa mtoto wa mtu." Akarudi kukaa karibu na Skolastika, bega kwa bega, akajivutia miguu ya Dakura mapajani mwake.

Akolbire alifumbua kiganja. Vitano vilikuwa vizima. Cha sita kilikuwa kimekatwa katikati, na nusu zake mbili zilikuwa sawa kabisa.